Kuni Kavu, Kifua Kibovu

Kama umekaa kwenye benchi la zahanati na kikopo cha makohozi mkononi, umekifunika kwa kiganja ili jirani asikione, sogea kidogo nami niketi. Kikopo hicho nakijua. Changu nilikiviringisha kwenye gazeti kama nyama ya buchani, nikaingia nacho zahanati nikiangalia juu kama mtu aliyekuja kukagua dari. Haikusaidia kitu. Kila mtu kwenye benchi lile alikuwa na nyama yake.

Naitwa Omari, fundi wa nyumba hapa Nyamirambo, Kigali. Kuta, lipu, vigae, milango inayokwaruza sakafu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na msemo huo umenilisha miaka mingi, kwa sababu watu wa mtaa wetu hawazibi ufa hata uwe na panya ndani. Sitakueleza habari za vijidudu, hizo kawaulize wauguzi. Nitakueleza yale ambayo hawakuniambia mimi, miaka ile kabla ya vita kuingia mjini, nilipokuwa naogopa kifo kimoja tu, nacho kilikuwa kifuani mwangu.

Kikohozi kilianza mvua za vuli za mwaka 1992. Nikasema ni vumbi la chokaa. Mwezi uliofuata nikasema ni moshi wa jikoni. Mke wangu Mwajuma, ambaye alikuwa akikaanga mandazi ya kuuza na kukaa ndani ya moshi huohuo kutwa nzima bila kukohoa, alinitazama tu. Nilianza kuamka na shati limelowa jasho kama nimelala nje. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Siku niliyotema damu nilikuwa juu ya paa la mteja, na jambo la kwanza nililofanya ni kuifuta kwenye kigae kwa kisigino ili mwenye nyumba asinilaumu. Hiyo ndiyo akili ya mgonjwa.

Nyumbani kwangu mwenyewe kulikuwa na kazi ambazo ningeona haya kumwonyesha mteja. Paa lilivuja palepale juu ya kitanda changu. Mlango wa choo ulikuwa umelala chini tangu mwaka uliopita. Ukuta wa jiko ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Na ukuta wa uani, ule uliotutenganisha na jirani yetu Gaspard, ulikuwa umefura tumbo kama mjamzito, unangoja mvua moja kubwa ujifungue. Mwajuma alikuwa akisema kila fundi ana nyumba mbili, ya maneno na ya kulala.

Huyu Gaspard lazima nimtaje mapema, kwa kuwa bila yeye ningekuwa makaburini. Alikuwa karani wa ghala la kahawa. Vita vilipoanza kaskazini mwishoni mwa mwaka 1990, walimkamata pamoja na Watutsi wengine wengi wa mjini, wakamweka ndani majuma kadhaa. Alipotoka alikuta kazi yake ina mtu mwingine. Tangu hapo baiskeli yake ndiyo iliyolisha nyumba: alibeba magunia, alibeba mitungi, alibeba watu. Mkewe, Mama Vestine, alikuja kwetu kila alfajiri na kigae chake cha chungu kilichovunjika kuchukua makaa ya moto. Hiyo ni desturi ya huku, jirani hanyimwi moto. Majirani wengine nao walikuja, kwa kuwa Mwajuma aliwasha mapema kwa ajili ya mandazi, na jiko letu asubuhi lilikuwa na salamu na vicheko vingi kuliko soko la mtaa wa Gitega.

Niligunduliwa mwanzoni mwa mwaka 1993. Vita vilikuwa vimesogea, wakimbizi wamejaa pembezoni mwa mji, na zahanati ilikuwa haina pa kuweka mguu. Muuguzi mmoja, Konsolata, mama mnene mwenye mikono myepesi, aliniita faragha akaniambia kwa Kiswahili cha hapa kwetu:

"Muzehe Omari, iko kifua kikuu. Utapona, lakini dawa ni mwaka mzima. Sindano na vidonge kila siku kwanza, kisha vidonge peke yake. Ukiacha katikati, ugonjwa itarudi na hasira."

Nilimuuliza kama nitaweza kupanda paa. Alicheka, akasema kwanza nipande kitanda.

Jambo la kwanza ambalo hawakuniambia: dawa inakuondoa kwanza, ndipo inakurudisha. Mkojo ulitoka mwekundu kama chai isiyo na maziwa, nikadhani figo zinayeyuka, kumbe ni rangi ya kidonge. Sindano ziliacha masikio yangu yakivuma kama mzinga wa nyuki. Jirani wa mbele alikuwa na redio aliyoifungulia mtaa mzima, na mwaka ule redio ilikuwa imeanza kusema maneno ambayo zamani mtu aliyasema akiwa amelewa, tena kwa kunong'ona. Mimi nilisikia mvumo tu. Wakati huo niliulalamikia. Baadaye niliuhesabu kati ya rehema ndogo za Mungu.

Kilichonivunja moyo hasa ni kizunguzungu. Sindano ziliniibia mizani ya mwili. Fundi wa paa asiyeweza kusimama kwenye kiti! Siku moja nilijaribu ngazi, nikafika kipandio cha tatu, dunia ikageuka, nikajikuta nimelala kwenye beseni la unga wa mandazi. Mwajuma hakunipiga, lakini alitamani. Alichukua ngazi ile akamrushia Gaspard juu ya ukuta, akamwambia, "Shemeji, ikae kwako. Akiiomba, mwambie umeifanya kuni." Nililia mchana ule. Nasema wazi ili na wewe ukilia usidhani umeharibika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwenda sindano kila siku kulikuwa kazi kubwa kuliko sindano yenyewe. Miguu ilikuwa vijiti. Gaspard akaja na baiskeli, amefunga gunia lililokunjwa kwenye keria ili mifupa yangu isiumie, akasema, "Panda, twende." Nilimwambia sina cha kumlipa. Akasema, "Ulinijengea choo nikiwa jela. Panda, sha, rafiki yangu."

Njiani, kabla ya kufika zahanati, kulikuwa na kizuizi cha askari, na pembeni yao vijana wa mtaa wasio na sare waliojipa kazi ya kuangalia vitambulisho. Mara ya kwanza tulipokaribia, Gaspard alisema bila kugeuka, "Omari, kohoa." Sikuhitaji kuambiwa mara mbili, kikohozi kilikuwa kinanikaba tangu mlimani. Nikakohoa mpaka nikajipinda, nikatema kwenye kikopo changu. Askari alirudi nyuma akaziba mdomo kwa kola. "Ana nini huyo?" Gaspard akajibu, "Igituntu, afande," yaani kifua kikuu kwa Kinyarwanda. Tulipungiwa mkono kupita kabla hajamaliza neno. Kila siku ikawa hivyo. Kohoa, Omari. Mimi nilifikiri ananihurumia, ananikumbusha nisiweke makohozi ndani.

Ramadhani ya mwaka ule ilinikuta katikati ya sindano. Nilikunywa uji mchana nyuma ya pazia, najificha kama mwizi, ingawa dini inamruhusu mgonjwa na Mwajuma aliniambia hivyo kila siku. Kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vingine. Binti yetu Hadija alipelekwa kwa shangazi yake. Aliponiaga alisimama mlangoni, akanipungia mkono kutoka mbali kama mtu anayesafiri kwa basi, wakati aliyekuwa anasafiri ni mimi. Kaka yake Mwajuma alikuja kumshauri aondoke kabla hajaambukizwa. Walikuwa jikoni, wakidhani masikio yangu yamekufa kabisa. Mwajuma alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mandazi yameungua kwa maneno yako. Toka jikoni kwangu." Wateja wake wa mtaani walikuwa wamemkimbia, mtu gani anunue andazi lililokoholewa? Akawa anabeba beseni mpaka Gitega, ambako hakuna aliyemjua mume wake.

Na moto. Majirani waliacha kuja kuchukua moto kwetu. Mmoja alisema amenunua viberiti, mwingine alisema siku hizi anawahi kazini. Asubuhi jiko likawa kimya. Sindano ziliniuma, lakini kimya kile kiliniuma zaidi. Aliyebaki kuja ni Mama Vestine peke yake, na kigae chake, na maneno yake yaleyale kila siku: "Mumeamukaje? Moto iko?" Moto uko, mama. Chukua wote.

Sindano ziliisha mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, nikabaki na vidonge peke yake, navyo niliendelea kuvifuata zahanati kwa baiskeli ya Gaspard. Kiangazi kilipofika nilikuwa nimeongezeka uzito kidogo, nikarudi tundu moja la mkanda. Konsolata akasema nitembee, nipate hewa, lakini nisibebe zege. Basi nikachukua kazi ambayo mwanaume mzima wa mtaa wetu haichukui: kuokota kuni. Mwajuma alihitaji kuni za mandazi, na mlimani juu ya Nyamirambo kulikuwa na msitu wa mikalitusi. Mlinzi wa msitu alikuwa na sheria moja: miti iliyokufa tu. Ukikutwa na tawi lenye jani bichi, anachukua panga lako.

Nilifurahia kazi hiyo kuliko nilivyotegemea. Unaupiga mti kwa mgongo wa panga, unasikiliza kwa kiganja, maana masikio yangu sikuyaamini tena. Mti hai unanyamaza, mti mkavu unatetema. Ukiwa na shaka unakwaruza gome kwa kucha. Pakiwa na ukijani chini yake, unauomba radhi na kupita. Gaspard alikuja nami na baiskeli yake ya kushushia mzigo. Wanawake waliokuwa wakiokota kule walitucheka, "Karibuni, mabibi harusi!" Nami niliwajibu kwamba nimetolewa mahari ya vidonge.

Tatizo ni kwamba mimi ni fundi. Kila mti mkavu niliouona, moyo uligawanyika: huu ni kuni au ni mbao ya paa? Ulionyooka na usioliwa na mchwa niliuweka pembeni kwa ajili ya paa langu. Uliopinda ulikwenda jikoni. Siku moja nilirudi kutoka zahanati nikamkuta Mwajuma amechoma boriti yangu nzuri kuliko zote.

"Hiyo ilikuwa paa!" nilipiga kelele.

"Na haya ni mandazi," akasema. "Paa hulili."

Tulinuniana siku mbili, na ndani ya kununa kule nilifurahi, kwa sababu kwa muda mrefu alikuwa akinisemesha kwa upole kama mtu anayemuaga maiti. Mke akikugombeza jua unapona.

Paa tulilitengeneza kiangazi hichohicho, na ni Gaspard aliyepanda. Mimi nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikielekeza. Karani yule alishika nyundo kama anashika kalamu. Nilimtukana kwa mapenzi yote. Alivunja vigae, akapachika vingine kichwa chini, lakini mbao zile za miti iliyokufa zilikaa vizuri, na mvua ya kwanza ya vuli ilipokuja nililala kitandani kwangu nikiwa mkavu, nikamsikia Mwajuma akisema Alhamdulillahi gizani. Tukatengeneza mlango wa choo. Tukaziba ufa wa jiko. Kazi ya ukuta uliofura tukaiahirisha kila mara, leo kesho, leo kesho.

Vuli ile ya 1993 ndiyo niliyoanza kuona kwamba watu wanamkwepa Gaspard. Mwenye baa ya kona, aliyekuwa akimkopesha bia ya ndizi, alimwambia mahali pamejaa, na viti vilikuwa vitupu. Jirani wa mbele, mwenye redio, aliacha kuitikia salamu yake. Watu walionipa mkono mimi walimpita yeye. Asubuhi moja tulikuta nje ya lango lake mtu amemwaga majivu. Niliumia sana. Nilijua sababu, au nilidhani naijua: amembeba mtu wa kifua kikuu mwaka mzima, amekaa na kikohozi changu mgongoni, sasa wanamwona naye ana ugonjwa. Mimi nilikuwa nimeanza kusafishika, na uchafu umehamia kwake.

Tulikwenda msituni siku chache baada ya hapo. Tulipofika sehemu ya juu tukasikia mapanga, mengi, tena yanapiga mti mbichi. Mti mbichi una sauti nzito, hata mimi niliisikia. Walikuwa vijana, wengine nawajua, mmoja nilimfundisha kuchanganya udongo. Walikuwa wanakata miche hai, ile iliyonyooka, ya unene wa mkono, na kila fimbo waliiacha na fundo la mzizi upande mmoja, kama kichwa cha rungu. Mlinzi wa msitu, yule wa kuchukua panga kwa sababu ya jani moja, alikuwa amekaa juu ya jiwe akivuta sigara, ametazama upande wa pili.

Nikasema, kwa ujinga wangu wa ufundi, "Vijana, kuni mbichi haziwaki."

Yule niliyemfundisha kazi alitabasamu kwa heshima kabisa. "Tunajua, muzehe. Wewe kusanya yako, siye tunakusanya yetu." Kisha akamtazama Gaspard, akayapima mabega yake kwa macho kama ninavyopima mlango. Gaspard alivuta kofia yake chini, akafunga mzigo kwa kamba, akashusha baiskeli bila kunisubiri.

Nilimkuta bondeni, amekaa kando ya njia. Nikaketi. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu siku nyingi, nikayatoa yote kwa pamoja. Nikamwambia, "Gaspard, usinibebe tena. Miguu yangu imepata nguvu. Watu wanakukimbia kwa sababu ya kifua changu. Baa, salamu, majivu, yote ni mimi. Nimekuharibia mtaa."

Akacheka, na kicheko hicho ndicho kitu kilichoniogopesha kuliko damu ya kwanza kwenye kigae.

"Omari," akasema, "wewe ugonjwa iko kwa kichwa, si kwa kifua. Unafikiri wanaogopa kifua yako? Mimi ndiyo ugonjwa. Wewe ndiyo unaweza kuambukizwa."

Nilianza kukwaruza gome la kuni kwa kucha.

"Pale bariyeri," akaendelea, "kwa nini mimi nakuambia kohoa? Kila siku mimi napita kwenda kutafuta kazi ya baiskeli mjini. Kila siku wanataka kitambulisho, wasome neno ile ya kabila iko ndani. Nikiwa na wewe hawasomi. Wanaogopa kusogea. Mwaka mzima, rafiki yangu, wewe ndiyo kitambulisho yangu. Nani amebeba nani?"

Mvua ilianza kunyesha, ile ya matone makubwa. Tukakaa vilevile, mzigo wa kuni ukilowa. Nilikuwa nimesoma kila kitu mtaani kwa miwani ya ugonjwa wangu. Kila mlango uliofungwa nilisema ni mimi. Mgonjwa wa muda mrefu ana kiburi cha ajabu, anadhani dunia nzima inakohoa kwa ajili yake. Nilijiona mjinga, na nilimwogopea Gaspard kuliko nilivyowahi kujiogopea mwenyewe.

Tangu siku ile nilikohoa pale kizuizini kwa moyo wangu wote. Nilikohoa kama mtu anayeswali. Lakini hapo ndipo jambo jingine ambalo hawakuniambia lilipojitokeza: kila kidonge nilichomeza kilikuwa kinamnyang'anya Gaspard kikohozi. Kifua kilikuwa kinapona. Kila mwezi makohozi yalipungua, Konsolata alifurahi, Mwajuma alifurahi, na mimi nilikuwa najikuna koo kwa makusudi ili kitoke kitu. Kuna asubuhi nilishika kidonge mkononi nikawaza nikitupe. Usifanye hivyo. Gaspard aliyaona mawazo yangu usoni, au labda Mwajuma alimwambia, maana alikuja akasimama mbele yangu mpaka nikameza, akaniambia nifungue mdomo nionyeshe chini ya ulimi, kama mtoto.

"Nikikuzika wewe," akasema, "mimi napata faida gani?"

Ramadhani ya pili ilikuja mwanzoni mwa 1994, nami nikafunga, kidonge nikikimeza kwenye futari. Ndani ya mwezi huohuo mji ulichafuka. Kulikuwa na mauaji, siku kadhaa hatukutoka nje, na tulipotoka vizuizi vilikuwa vimezaliana. Kabla ya Idi Konsolata aliniita. Makohozi yalikuwa safi, dawa zimekwisha. Akachukua kikopo changu akakitupa mwenyewe. Nilimbusu mkono, naye akaufuta kwenye aproni kwa mazoea, kisha tukacheka wote wawili. Nilitamani kupiga kelele barabarani. Nimepona! Ningependa uipate siku kama hiyo, na utaipata.

Gaspard alikuwa ananingoja nje na baiskeli. Tulipofika kizuizini nilikohoa. Kilitoka kikavu, cha uongo, kama mlango usio na kitasa. Askari hawakuwepo siku ile, walikuwepo vijana tu, na yule wangu wa udongo alikuwa kati yao, fimbo yenye fundo imeegemea gogo. Fimbo ilikuwa imekauka sasa, imekuwa nyeupe.

"Muzehe Omari amepona," akasema. "Mungu ashukuriwe. Umenenepa!" Kisha akanyoosha mkono kwa Gaspard, "Na wewe, leta."

Gaspard alitoa kitambulisho. Kijana alikishika, hakukisoma, alikigonga tu kwenye kucha ya kidole gumba akitazama mlimani. Baadaye akakirudisha kwa mikono miwili. "Sisi tunakujua," akasema. "Pita."

Tukafika nyumbani. Mwajuma alikuwa amepika pilau ya kusherehekea, Hadija alikuwa amerudi, ananishika uso kwa mikono yote miwili. Gaspard alikula vizuri. Kisha akasimama uani, akaweka kiganja kwenye ule ukuta wetu uliofura.

"Fundi," akasema, "hii kazi utafanya lini?"

"Baada ya Idi. Ni ya kwanza kabisa, nimepata nguvu."

"Ukiitengeneza, unaweza kuacha mlango kidogo? Chini. Mama Vestine asipite tena barabarani akitafuta moto."

Mwajuma aliacha kukusanya sahani. Barabarani kutoka lango lao mpaka letu ni hatua za mtu kuhesabu kwa vidole.

Baada ya Idi nikaanza kazi, mchana kweupe, kwa kelele zote za ufundi, kwa sababu mtaa mzima ulishazoea nyundo yangu na ungeshangaa kimya chake. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza nikiwa mtu mzima wa afya. Nilibomoa tumbo la ukuta, nikaujenga upya kwa timazi, umenyooka kuliko ukuta wowote niliowahi kulipwa. Na chini, nyuma ya jiko letu, niliacha tundu. Upana nilipima kwa mabega ya Gaspard, naye alijikunja akatambaa mara moja kwenda na kurudi, akatoka na vumbi kwenye nyusi, akacheka. Maisha yangu yote nimeziba nyufa za watu. Huo niliuacha wazi kwa mikono yangu.

Mbele ya tundu nilipanga kuni, zile zote tulizookota mwaka mzima, safu juu ya safu mpaka usawa wa kifua. Mtu akiingia uani anaona kuni za mandazi. Lakini safu za chini, palipo na tundu, niliweka vipande vifupi vilivyokaa kama tofali bila udongo. Nilimwita Hadija nikamwambia avitoe. Alivitoa kwa mkono mmoja, haraka, bila kelele. Mti uliokufa siku nyingi ni mwepesi. Mbichi asingeuweza.

Wiki hizo mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mama Vestine alikuja alfajiri kupitia tundu lile, kichwa kwanza, kigae mkononi, akicheka kwa aibu, "Mumeamukaje? Moto iko?" Aprili ikaingia.

Niliahidi habari za kifua, na za kifua nimemaliza. Yaliyofuata yanajulikana, na wa kuyasimulia ni wengine. Kwako wewe mwenye kikopo nina haya tu. Meza dawa zote, hata ile ya siku unayojisikia mzima. Usiuone mkojo mwekundu ukakimbia. Mkeo akikununia, furahi. Na usidhani kila mlango uliofungwa umefungwa kwa ajili yako. Tazama vizuri nani mwingine amesimama nje.

Miaka imepita. Kwenye paa langu bado kuna kigae kimoja kichwa chini, na mafundi wenzangu wakija huniuliza nani aliyefanya uchafu ule. Nawaambia ni karani. Wakitaka kukigeuza nawakataza. Baiskeli yake iko kwangu tangu Aprili ile, naipaka mafuta ingawa mwenyewe hayupo tena wa kuipanda.

Ukuta wa uani umesimama. Tundu sijaliziba. Mama Vestine ana jiko lake la mafuta siku hizi, na viberiti amejaza kabati. Kila alfajiri anapita mulemule, kichwa kwanza, amezeeka sasa, magoti yanamlalamikia, anasimama jikoni kwetu na kigae mkononi na kuuliza kama moto upo. Mwajuma anachagua kaa kubwa kuliko yote, anamwekea.